Taya linalia na kuuma, ni kweli ni vitamini D?

Binti wa Igoma: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Taya la kulia linalia "ka" kila nikifungua mdomo, linauma hapa mbele ya sikio na asubuhi ndo balaa, nikitafuna muwa au mahindi ya kuchoma ndo nakoma kabisa. Mi ni fundi cherehani, nashinda ndani toka asubuhi. Jirani kasema nimepungukiwa vitamini D, eti ninunue vidonge vya yuniti 50,000 nimeze kila siku. Nisaidieni jamani, mpaka kupiga miayo naogopa.

Mwaloni Kirumba: Pole dada. Vitamini D na jua lote hili la Mwanza? Kula dagaa tu achana na vidonge.

Nesi Mstaafu: Mwaloni, jua lipo ila mtu anayeshinda chini ya bati halimfikii, anaweza kupungukiwa vizuri tu. Lakini mdogo wangu 50,000 kila siku HAPANA, hiyo daktari huwa anaandika mara moja kwa wiki tena kwa muda maalum, ukizidisha kalsiamu inapanda kwenye damu na figo zinaumia. Pima damu kwanza, chini ya 20 ng/ml ndo upungufu. Kuhusu taya, kuna tafiti zimekuta wagonjwa wa hivi vitamini D iko chini na zingine hazikuona tofauti, kwa hiyo ukikutwa nayo chini tibu, ila taya nalo litibiwe lenyewe. Usiku unasaga meno?

Binti wa Igoma: Mume wangu anasema nasaga sana, hasa nikiwa na oda za sare za shule.

Nesi Mstaafu: Basi anzia hapo. Muwa, mahindi na bigijii acha kwanza, kula vitu laini, uji, sato wa kuchemsha, jioni kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Ukiwa kwenye cherehani funga midomo lakini meno yasigusane, hili watu wanalidharau na linasaidia sana. Kamuone daktari wa meno, anaweza kukutengenezea kifaa cha kuvaa usiku. Vidole vitatu vilivyopangwa wima visipoingia mdomoni, au ukiona uvimbe na homa, nenda leo leo.

Mama Nyegezi: Bugando meno wapo, ila kama una bima anzia hospitali ya chini wakupe rufaa.

Binti wa Igoma: Asanteni sana, vidonge sinunui mpaka nipime. Hicho kipimo mtu anaenda bila kula?

Nesi Mstaafu: Hapana, kunywa chai yako tu uende.