Mjadala: Entebbe iwe mji wa miguu, au kila ufukwe ubaki na geti lake?

Mkaazi wa Kitoro (mwenye mada)

Wakubwa shikamoni, wenzangu salamu. Naleta jambo ambalo hapa mjini huzungumzwa kila Jumapili jioni na kuishia hapo hapo: Entebbe yetu hii ya Uganda ipangwe iwe mji wa kutembea kwa miguu, wenye njia ya wazi kando ya Ziwa Viktoria, au tuendelee hivi hivi?

Mimi nasema njia ifunguliwe. Ianzie msitu wa Kitubulu, ifuate maji mpaka bustani ya mimea, ipite zuu, yaani bustani ya wanyama, na mwenye nguvu aendelee kusini mpaka Kigungu. Bustani ipo tangu 1898, uwanja wa gofu tangu 1901, zuu tangu 1952. Mtu wa Kampala anayeshuka na gari lake kwa ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018 anakuja kutafuta kivuli na upepo ambao sisi tumezaliwa nao. Kitu tusichokuwa nacho ni namna ya kuyafikia maji.

Jaribu kutembea na watoto saa kumi jioni. Barabara haina pa kukanyaga mwenye miguu. Kuna mtaro wa maji ya mvua usiofunikwa, na bodaboda anakuja upande usio wake. Ukikaribia ziwa unaliona kati ya kuta mbili, upana wa gari moja. Mwisho wa uchochoro kuna mnyororo, na askari aliyekalia kreti ya soda anachana tiketi kwenye kijitabu. Nikamuuliza kama naweza kupita tu nitazame maji kisha nirudi. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, hata kutazama kuna tiketi."

Sasa Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashika maziwa ya asili, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi kwa amana, kwa faida ya raia wote. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zikaweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kwa maziwa makubwa kama hili letu. Kwa hiyo njia ninayoiomba haihitaji sheria mpya. Inahitaji mtu wa kuondoa mnyororo. Karibuni.

Bwana Vipimo

Mita 200 kutoka wapi, mzee? Ukizipima kwa haki, nusu ya wanaokusoma hapa watabomolewa.

Mwenye mahali pa kupumzikia

Sitaji jina la biashara yangu, mtakuja kunirushia mawe. Ila nisemeeni na mimi.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya Mei 1964 ambayo ilikuwa 13.41. Maji yaliingia jikoni. Vibanda vya makuti vilielea. Viroba vya mchanga tulivipanga wenyewe, na alama ya maji ukutani haijatoka mpaka leo, iko usawa wa goti. Hakuna aliyekuja kusema ufukwe ni mali ya umma, njooni tusaidiane kuzoa tope.

Tiketi mnayoilalamikia ndiyo inayolipa mtu wa choo, mtu wa taka na kijana anayejua kuogelea akamtoa mlevi majini. Fungueni njia, sawa. Jumatatu asubuhi nani ataokota chupa na kavera, hii mifuko ya plastiki? Nimeona sehemu za wazi za mji huu. Hazina mnyororo, na hazina hata pipa.

Mama Mukene, Kigungu

Nimesoma yote nikatafuta neno "mvuvi". Halipo.

Mzee wa Kitoro, hiyo njia yako unaifikisha Kigungu kana kwamba Kigungu hakuna mtu. Watu wanapajua kwa wamisionari Wakatoliki walioshuka pale Februari 1879, wanakuja kuhiji, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tuko pale siku zote. Mukene, yaani dagaa wetu, huanikwa chini, juu ya nyavu, na hauanikwi ila pale penye jua na upepo, yaani pale pale ambapo mtalii anataka kuweka kiti chake. Harufu ipo, sikatai. Harufu hiyo imesomesha wanangu.

Kila mji huu ukitaka kusafishwa, sisi ndio tunakuwa uchafu. Kwanza wanakuja na jina zuri: njia ya miguu, bustani ya familia. Kisha mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, unaambiwa usogee. Tukisogea mita mia, mtumbwi unakosa pa kutia nanga, na mama wa kukaanga samaki wa ngege anakosa wateja. Mkitaka njia ipite Kigungu, ipite nyuma ya mwalo, na iandikwe kwenye mpango kwamba mwalo hauondoki. Isiwe maneno ya mkutanoni.

Kijana wa Lamu, sasa Kampala

Naafikiana na mama. Na nina ugomvi kidogo na mwenye mada.

Mimi nimezaliwa kwenye mji wa miguu hasa. Lamu hakuna gari mitaani, kuna punda na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. UNESCO iliuweka kwenye orodha yake 2001. Lakini watu hawatembei Lamu kwa sababu ya njia ya pwani. Wanatembea kwa kuwa msikiti, duka la unga, fundi cherehani na nyumba ya shangazi viko hatua chache kutoka mlangoni. Mji ulijengwa kabla ya gari, basi ukakaa kwa kipimo cha mtu.

Entebbe ilipimwa na maofisa wa kikoloni waliotaka kiwanja kikubwa, nyumba katikati, ua pande zote. Hata leo ukitoka nyumba moja unapita ukuta mrefu ndipo ufike nyingine, na duka haliko. Weka njia nzuri kando ya ziwa kwa mpangilio huo, utapata mahali pa kutembea Jumapili. Jumatatu watu watarudi kwenye boda. Ukitaka mji wa miguu, anza Kitoro kwenyewe, penye watu na biashara: funika mitaro, panda miti, ruhusu nyumba za ghorofa mbili tatu zenye duka chini, karibu na steji ya taksi. Ndipo uunganishe na maji kwa vichochoro vitatu au vinne visivyofungwa. Sheria ya mipango ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, kwa hiyo nguvu ya kuamrisha hilo ipo.

Muuguzi

Mnaongea njia, mimi naongea maji. Kichocho kipo ziwani. Konokono anayekibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na penye watu wengi na vyoo vichache ndipo ugonjwa huzunguka. Mji unaouza kuogelea lazima ujenge vyoo kwanza, hoteli baadaye.

Jambo la pili: nyingi ya hizi "bichi" hazikuwa mchanga. Yalikuwa mafunjo. Yalifyekwa, ukamwagwa mchanga wa lori, likawekwa geti. Mafunjo ndiyo yaliyokuwa yakichuja uchafu kabla haujafika ziwani na kuvunja nguvu ya mawimbi. Ndugu yetu wa viroba hapo juu, pole kwa hasara ya 2020, ila tuulizane pia kilichokuwepo pale kabla ya viti.

Mwongoza makasia, Jinja

Nawaonya kutoka upande wetu. Jinja tuliuza maji yanayochemka. Wageni walikuja kupanda boti za mpira kwenye maporomoko ya Nile, kukawa na kambi, mikahawa, vijana wakajua kazi. Bwawa la Bujagali likakamilika 2012, maporomoko ya Bujagali yakazama. Tukasogea chini. 2019 likaja la Isimba, tukasogeshwa tena. Sisemi umeme ni mbaya, nauchajia simu hii. Nasema biashara yetu yote ilisimama juu ya kitu ambacho hatukuwa na karatasi nacho.

Ninyi mna ghuba ya Lutembe, ambayo iko kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu 2006, na mna kinamasi cha Mabamba ng'ambo, ambako watu huvuka kwa mtumbwi kumtafuta bulwe, yule ndege wa mdomo mkubwa anayesimama kama mlinzi. Msingoje mji ukue ndipo mtafute karatasi. Msitu ukimegwa mara moja haumegwi tena, umekwisha.

Mkaazi wa Kitoro (mwenye mada)

Nimewasoma. Mama wa Kigungu, njia ipite nyuma ya mwalo, na hilo naliweka kwenye mada yenyewe: bila mwalo kuandikwa, mimi mwenyewe napinga mradi. Kijana wa Lamu, Kitoro kwanza sina shida, ndiko ninakolala.

Lakini sikubali tungoje mji mzima upangwe ndipo tuguse ufukwe. Kitubulu ni msitu wa hifadhi, bustani ya mimea ni ya serikali, zuu ni ya serikali. Vipande hivyo havihitaji kumbomolea mtu wala kumlipa fidia. Tuanzie hapo, njia ya udongo tu, upana wa watu watatu, vyoo viwili na mapipa. Mwenye mahali pa kupumzikia, wewe endelea kuuza chakula na kiti. Kinachotafutwa ni mtu apite mbele yako bila tiketi. Akisikia samaki anakaangwa, atakaa.

Bwana Vipimo, kanuni inasema kuanzia alama ya maji yakiwa chini kabisa. Chukua futi kamba, njoo tupime.

Mwenye mahali pa kupumzikia

Apite mbele yangu sawa, kama manispaa itanipunguzia kodi kwa kipande ninachokiachia. Na taa ziwepo. Usiku bila taa hapo mbele itakuwa njia ya wezi, na lawama zitakuja kwangu.

Boda ya Steji Kuu

Mmepanga mafunjo, mmepanga konokono, mmepanga mpaka bulwe. Sisi tutaegesha wapi?

Kijana wa Lamu, sasa Kampala

Mwanzo wa kila kichochoro, kaka. Abiria anashuka hapo, anamalizia kwa miguu. Leta idadi ya boda za steji yenu, tuone kama Kitoro inatosha.