Mfungwa alipie ugali wake wa jela? Mimi nasema hapana, karibuni tujadili

Wa Chikongola

Wadau habari za jioni. Juzi tumekaa kwenye kahawa pale Magomeni hapa Mtwara, jamaa mmoja akaleta hoja kwamba mfungwa anatunyonya mara mbili, kwanza kakuibia, pili akifungwa unamlisha kwa kodi yako, kwahiyo akitoka apewe bili ya siku zote alizokula na kulala mule ndani. Watu wakamuunga mkono karibu baraza zima. Nikabaki peke yangu nikaona nije niandike maana pale kila nikifungua mdomo nazimwa.

Jamaa alisema Marekani wanafanya hivyo na kweli wanafanya, sikatai. Lakini amalizie stori. Kule jimbo la Connecticut bili ilikuwa dola 249 kwa siku, piga hesabu mwaka mmoja ni zaidi ya dola elfu 90, sasa mtu aliyetoka jela hana kazi hana nyumba hizo hela anazitoa wapi? Wakawa wanamsubiri apate urithi, mama yake afe aache nyumba ndo serikali inakuja kudai chake. Mpaka wenyewe wakaona haya, 2022 wakaipunguza ile sheria ibaki kwa makosa mazito tu. Illinois wao waliifuta kabisa 2019.

Halafu Uingereza ndo waliniacha hoi. Kuna bwana anaitwa Andrew Malkinson, kakaa jela miaka 17 kwa ubakaji ambao hakuufanya, hukumu ikafutwa Julai 2023. Kumbe sheria yao ilikuwa inaruhusu mtu kama huyo akilipwa fidia akatwe gharama za kula na kulala gerezani! Umefungwa bure halafu unalipia chumba. Watu walipiga kelele mpaka serikali ikakifuta kipengele hicho mwaka huohuo.

Na kwetu mfungwa hakai bure tu jamani. Katiba yetu ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti ila imetoa ruhusa kwa kazi inayotokana na hukumu ya mahakama, ndo maana unawaona wanalima, wanajenga, wanachonga samani, viatu vya gereza la Karanga kule Moshi mnavijua. 2018 Rais Magufuli alisema ni aibu nchi kuendelea kulisha wafungwa, wafanye kazi wajilishe. Sawa, wafanye kazi. Lakini mtu akishalima mahindi ya huo ugali, bili ya ugali inatoka wapi tena?

Mkulima Masasi

Mkuu nimekusoma vizuri ila wewe inaonekana hujawahi kuibiwa. Mimi mwaka juzi nimepalilia, nimepuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, kwa hela ya mkopo, nimeokota korosho na wanangu mpaka mgongo hauinuki, gunia nne nimeziweka ndani nisubiri kuzipeleka chama cha msingi, yaani ushirika wetu wa kuuzia korosho, usiku mmoja zote zimeondoka. Mwizi kakamatwa, kapigwa miaka miwili. Watu wananiambia hongera haki imetendeka, haki gani? Yeye anakula na kulala, mimi nalipa mkopo wa salfa ya korosho ambazo sikuuza. Na huyo ni mwizi mdogo, je wale wanaokula mamilioni ya wakulima, ana nyumba tatu mjini, akifungwa familia yake inaendelea kukusanya kodi za wapangaji, huyo naye nimlishe mimi? Hapana kwakweli. Alipe. Tena alipe mbele kabla hajaonja hayo maharage.

Ya Marekani waachie Wamarekani, sisi tupange bei ya kwetu, hata elfu mbili kwa siku inatosha kumuuma mtu.

Mama wa Newala

Wanangu naomba niseme kidogo. Mimi mtoto wangu aligonga mtu na bodaboda, akahukumiwa faini laki tano au jela mwaka. Hatukuwa nayo, akaingia.

Nataka mjue nani analipa mfungwa akiwa ndani. Nilipanda gari asubuhi na mche mmoja wa sabuni, dawa ya meno, ndala na mafuta ya kupaka, nimefika askari akaukata ule mche vipande vipande kwa kisu aangalie kama nimeficha kitu, vipande vingine vikaanguka mchangani nikaviokota nikavifuta kwa kanga. Hiyo ni safari moja, nauli kwenda na kurudi, na nilienda kila nikipata. Baadae tukataka kumtolea ile faini iliyobaki, ilikuwa mwezi wa sita mikorosho ina maua tu, akaja mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo, na hela mkononi, nikamuuzia korosho ambazo hazijazaliwa kwa bei ya kutupa. Ulipofika msimu wenzangu wanafuatilia bei za mnada mimi nampimia yeye. Mwaka ule wadogo zake wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango.

Sasa mkisema elfu mbili kwa siku, mwaka ni laki saba na thelathini elfu, imezidi hata ile faini iliyomfunga! Atakayeletewa karatasi ni mimi na mikorosho yangu. Yeye alikosa na akafungwa sikatai, ila mimi nilimgonga nani?

Wa Chikongola

Mama pole sana, nimesoma mara mbili.

Kaka wa Masasi na wewe pole, sikubishii hata kidogo kwamba umeonewa. Ila hebu tufuate hela yenyewe inaenda wapi. Tuseme huyo mwizi wako anatoka na ana laki tano aliyoipata kwa kuuza kiwanja. Serikali inamdai ugali wa miaka miwili, inachukua yote. Wewe umepata nini? Gunia zako nne bado hujalipwa na sasa hata hicho kidogo alichokuwa nacho kimeishia kwenye bili. Yani unapigania sheria itakayokupanga nyuma ya foleni kwa mtu aliyekuibia wewe!

Na wale wenye nyumba tatu, sheria ya kutaifisha mali zinazotokana na uhalifu ipo tangu 1991. Itumike, nyumba ziuzwe, wakulima walipwe kwanza. Mwenye nyumba tatu hata ukimdai elfu mbili ya ugali kwa siku atakulipa huku anacheka.

Jingine, mahabusu. Kuna watu wapo ndani hawajahukumiwa, kesi haina dhamana, upelelezi haujakamilika kila siku tarehe inasogezwa. Katiba ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Huyo akikaa miaka mitatu halafu akaachiwa huru, bili yake anapewa nani?

Mkulima Masasi

Hapo kwenye foleni umenigusa. Lakini fidia yenyewe mbona sijaiona? Hakimu alisoma miaka miwili, mimi nikasikia hiyo tu nikarudi nyumbani, na wale wa pale mahakamani hakuna aliyeniambia kingine.

Wa Chikongola

Uliomba fidia siku ile? Mahakama ikimtia mtu hatiani kwenye kesi ya jinai ina uwezo wa kuamuru amlipe aliyemwathiri, shida wengi wetu tunakaa kimya tunadhani jela ndo mwisho wa kila kitu. Nenda Jumatatu na namba ya kesi kaombe nakala ya hukumu, isome mpaka mstari wa mwisho uone kama kuna amri ya fidia. Kama ipo fuatilia utekelezaji, kama haipo muulize wakili au msaada wa kisheria kama bado unaweza kudai kwa njia ya madai. Ukishaipata nakala rudi hapa utuambie imeandikwaje.