Mjadala: Tuwazuie wanafunzi kusoma kitabu cha mwisho cha Katniss?

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene ndugu zangu. Nasimamia klabu ya usomaji kwenye sekondari moja hapa Iringa, na nimepokea ombi linaloninyima usingizi. Mzazi mmoja anataka kitabu cha tatu cha mfululizo wa The Hunger Games, yaani Mockingjay, kiondolewe kwenye kabati la klabu. Viwili vya kwanza hana neno navyo. Nimemwomba alete hoja yake hapa, amekubali.

Kwa ambaye hajasoma: mwandishi ni Mmarekani, Suzanne Collins, na vitabu vilitoka 2008, 2009 na 2010. Nchi inaitwa Panem. Mji mkuu wake, Capitol, unazikandamiza wilaya, na kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana wakauane mbele ya kamera, kwenye shindano linaloitwa Michezo. Katniss, ambaye baba yake alifia kwenye mgodi wa makaa Wilaya ya 12, anajitolea kwenda badala ya mdogo wake Prim, mtoto wa miaka 12. Kufikia kitabu cha tatu vita imewaka, na Katniss ndiye sura ya waasi wanaoishi chini ya ardhi Wilaya ya 13. Kiongozi wao ni Rais Coin.

Ugomvi uko mwishoni. Watoto wamezungushiwa uzio mbele ya jumba la Rais Snow, mtawala wa Capitol, wawe ngao yake. Miavuli midogo inashuka kutoka angani, ileile ambayo kwenye Michezo huleta chakula na dawa. Watoto wanaidaka na baadhi inalipuka. Waganga wa waasi wanakimbilia majeruhi, Prim akiwa kati yao, ndipo iliyobaki inalipuka. Mtego wa namna hiyo, bomu la kwanza kujeruhi na la pili kuwaua waokoaji, ulibuniwa na Gale, rafiki wa Katniss wa kuwinda naye porini, kwa ajili ya waasi. Baadaye Coin anawaita washindi 7 wa Michezo iliyopita waliobaki hai wapige kura: tufanye Michezo mara moja ya mwisho, safari hii kwa watoto wa Capitol? Watatu wanakataa. Wanne wanasema ndiyo, na Katniss ni mmoja wao. Siku ya kumwua Snow hadharani, Katniss anainua upinde na kumpiga Coin.

Mimi nasema, kama ni kimoja tu kitakachobaki kabatini, kibaki hicho. Kumjua mwonevu aliye upande wa pili si kazi kubwa, hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Kumjua aliye upande wako, anayekutaja kwa jina na kukupa chakula, hiyo ndiyo kazi, na Collins anakuchukua polepole kurasa nyingi kabla hujakubali kwamba Coin ni wa kuogopwa.

Mama wa Makambako

Mwalimu, asante kwa nafasi. Mzazi ni mimi. Nimekisoma, nisije nikaambiwa napinga nisichokijua.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Likizo ya Juni, tumezunguka jiko la mkaa kwa baridi yetu hii ya Makambako, akanisimulia hadi mwisho. Nikamuuliza, huyo Rais Coin alishtakiwa wapi? Akajibu, "Hakushtakiwa mama. Katniss alijua." Alijuaje? Kwa kuambiwa na Snow kwamba mabomu yale ni ya Coin, naye Snow ni adui yake, mtu aliyewaua watoto miaka na miaka. Ndiyo, kitabu kinasema walikuwa wameahidiana kutodanganyana. Hiyo ni sababu ya kuua mtu? Neno "alijua" lilivyotoka mdomoni mwa mwanangu, bila kusita hata kidogo, ndilo lililonifanya niandike barua.

Kuna jingine. Nilipokuwa kidato cha tatu tuligoma kwa ajili ya chakula. Maharage yalikuwa na wadudu, hatukuwa na kosa. Usiku mmoja vioo vya bwalo vikavunjwa. Waliotuongoza walikuwa kidato cha sita. Wazazi wao waliwahamishia shule nyingine kabla bodi haijakaa. Aliyefukuzwa ni rafiki yangu, aliyekutwa na jiwe mkononi, na hakusoma tena. Watoto wa miaka 15 hawahitaji mtu wa kuwawashia moto.

Muuza vitabu, Mwanjelwa

Nauza vitabu vya mtumba hapa Mbeya. Namwelewa Mama. Mwaka 2014 kule Thailand, jeshi lilipotwaa nchi, watu walinyoosha vidole vitatu, ishara ya uasi ya Katniss, na wakakamatwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hadithi haitoki nje ya jalada lake.

Lakini kasoro ninayoiona mimi ni tofauti. Baada ya Coin kufa, nchi inaendaje? Tunaambiwa Paylor, kamanda wa Wilaya ya 8, amechaguliwa kuwa rais, basi. Nani aligawa chakula? Wale watu wa Capitol walikwenda wapi? Katniss anarudi kwao na huzuni yake, wilaya zinapotea machoni. Kijana anafunga kitabu akijua jinsi ya kuangusha, hajui jinsi ya kujenga.

Msangu wa Rujewa

Mwalimu, mfano wa unachokisema uko hapohapo Iringa. Mkwawa anasimuliwa kuanzia Lugalo, Agosti 17, 1891, alipolisambaratisha jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa 1954, nami nimekwenda Kalenga kuliona, nikavua kofia.

Sisi wa Usangu hadithi yetu inaanza nyuma ya hapo. Wahehe, watu wa Mkwawa, walitufukuza Utengule, makao yetu. Wajerumani walipokuja, mtemi wetu Merere akaungana nao dhidi ya Mkwawa. Nilisoma Iringa, na kila mada hiyo ilipofika darasani nilikuwa naangalia dawati. Mkwawa alikuwa shujaa mbele ya Mjerumani, sipingi. Ila kwa babu zangu alikuwa mtu wa kukimbiwa, na hakuna mwalimu aliyewahi kunipa nafasi ya kusema yote mawili kwa pamoja.

Ndiyo maana mimi sikuguswa sana na kifo cha Coin. Niliguswa na mlima wa Wilaya ya 2, ngome ya jeshi la Capitol. Gale anataka uporomoshwe na waliomo wafie ndani. Katniss anamkumbuka baba yake aliyefia mgodini, hawezi kulimeza. Waliomo ni adui, na ni watu wa kazi kama baba yake. Hapo nilisimama kusoma, nikatoka nje kwanza.

Mwalimu wa Kihesa

Mama, kwa habari ya kesi una haki, na sitajaribu kuipaka rangi. Naongeza tu kwamba kitabu hakimpi Katniss nishani. Anafungwa chumbani, anataka kufa, anaachiliwa kwa hoja kwamba akili yake imeharibika. Anafika nyumbani na kumkuta paka wa Prim, na ndipo kilio kinamtoka. Watoto wangu wengi waliishia kwenye mshale. Kosa hilo ni langu, niliwaacha wamalize peke yao.

Lakini hebu usome tena hadithi yako ya mgomo. Madai ya haki, viongozi waliojiokoa, na rafiki aliyebaki na jiwe mkononi. Hicho ndicho kitabu cha tatu. Viwili vya kwanza, ambavyo hukuvikataa, vinaishia kabla ya sehemu hiyo.

Ndugu wa Rujewa, samahani kwa yale madarasa. Muuza vitabu, swali lako la nani aligawa chakula nalichukua kama lilivyo.

Klabu inakaa Jumamosi saa nne. Tutasoma sura ya kura, watoto 7 mbele. Mama, njoo uwaulize swali ulilomuuliza binti yako.

Mama wa Makambako

Nitakuja. Ombi langu bado liko palepale, na kwa sasa kitabu kisiazimwe hadi Jumamosi ipite.

Yule rafiki yangu yuko hapa Makambako, anauza viazi stendi. Miaka yote hii hatujawahi kuuongelea ule usiku. Leo jioni nitamwendea. Akikubali, tutakuja wawili, asimulie yeye.