Mgeni kutoka Mwanza anasema Dar haina mji mkongwe, nimzungushe wapi?

KimaraMwisho: Wakuu, habari za leo. Mtoto wa shangazi kaja toka Mwanza. Ni mwalimu wa historia, anapenda majengo ya kale. Nimemwambia tuzunguke Posta, akacheka: "Huko si maghorofa tu? Mji mkongwe uko Zanzibar." Nauli ya boti ya watu wawili, kwenda na kurudi, mfuko umekataa. Kuna cha kumwonyesha kwa miguu asubuhi moja?

Domo_Kaya: Mpeleke Coco mkale mihogo. Mawe hayaliki.

BibiWaKisutu: Mjukuu wangu, usimsikilize huyo. Mwalimu kasema kweli nusu. Mji wetu ni mchanga, hauwezi kujipima na Kilwa. Sultani Majid aliuanzisha miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kazi haijaisha. Mjerumani akahamishia makao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa hiyo pale ufukweni mtawaona wote wawili, Sultani na Mjerumani.

Nendeni Jumapili, magari ni machache. Anzeni Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid, jirani na zinapoondokea boti za Zanzibar. Msipige picha mkaondoka. Mlango ule wa kuchonga usogeleeni, kisha mtazame unene wa kuta, mawe ya matumbawe na chokaa. Ndiyo maana ndani kuna ubaridi hata jua likiwa la utosi. Marehemu mzee wangu alikuwa karani bandarini. Tukipita pale yeye alitazama meli, mimi milango, tukabishana hadi Feri.

Mbele kuna jumba la Atiman. Mwulize mwalimu kama anamjua Adrian Atiman: alitekwa utotoni huko Mali, mapadri wakamkomboa, akasomea utabibu Malta, akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki 1956. Asipomjua, soda inamhusu.

Yanafuata makanisa ya Mjerumani, Mtakatifu Yosefu na Azania Front. Mkifika wakati wa ibada kaeni nyuma, kwaya si haba.

Sanamu ya Askari, kumbukumbu ya askari Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ipo Samora, ya mwaka 1927. Kabla yake palisimama Wissmann, gavana wa Kijerumani. Kwenye maandishi yake wapagazi wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Majina yao hakuna. Mimi hapo huwa nanuna.

Rudini kupitia Uhindini, Jamhuri na Kisutu. Chini mtaona maduka ya simu na vipuri. Inueni macho, juu ya baadhi ya nyumba mwaka wa kujengwa umechorwa kwa saruji. Wahini, maana mengi yameshavunjwa kupisha maghorofa, hapo mgeni hakukosea. Njaa ikibisha, mishkaki na mchanganyiko viko hukohuko.

Mchokozi_Mstaarabu: Bibi umesahau Bagamoyo! Magari yapo stendi ya Makumbusho, nauli si ya kutisha.

BibiWaKisutu: Sijasahau. Bagamoyo na magofu ya Kaole ni siku nzima, huyu kaomba asubuhi moja.

KimaraMwisho: Shikamoo bibi, umemaliza kila kitu. Mgeni kanywea, anajidai Atiman anamjua. Picha ruksa kila mahali?

BibiWaKisutu: Marahaba. Ikulu na bandarini simu ibaki mfukoni, msije mkaulizwa maswali. Pandeni mwendokasi la Kivukoni, mshuke Posta ya Zamani, mrudi nyuma kidogo kwa miguu mpaka Boma. Mkifika mwisho wa njia mmeshapitiliza. Na mgeni avae viatu vya kutembelea, si vile vya kuendea harusini.