Mtungi wa jirani umo jikoni kwetu, nifanyeje?

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Naishi Mtwara mjini, Magomeni, ukweni. Alhamisi usiku jirani yetu, mama mmoja Mkatoliki, kaibiwa mtungi wa gesi. Ijumaa naingia jikoni nakuta tuna mtungi. Kauleta mtoto wa wifi yangu, ana miaka 19. Nikauinamisha: chini ya mshikio kuna tone la rangi ya kucha, nyekundu. Alama hiyo niliiweka kwa mkono wangu siku ya kipaimara cha binti yake, tulivyoazima mitungi ya watu tukaogopa itachanganyika.

Nikamwambia mama mkwe. "Mitungi yote inafanana," akaendelea kutwanga kisamvu chake.

Sasa mtaani maneno yamegeuka. Kwa jirani wanasema ni "vijana wa Kiislamu wa pale kona". Kwetu wanasema tunasingiziwa kwa ajili ya dini. Na Idi iliyopita walikula pilau humu humu ndani! Mume wangu yuko Tandahimba, msimu wa korosho huu, kwenye simu ananiambia ninyamaze. Nami kila nikinywa chai naona nakunywa gesi ya mwenzangu.

Mkulima wa Ufuta: Dada, acha kuupikia kwanza. Kupokea mali ya wizi na unajua, kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, ni kifungo mpaka miaka 10. Polisi wakiukuta jikoni watamuuliza mpishi.

Upepo wa Kusi: Kijana aurudishe usiku, auache mlangoni. Yaishe.

Mkulima wa Ufuta: Usiku? Akionekana na mtungi begani saa nane atapigiwa yowe, kabla hajajieleza ana tairi shingoni. Hapo ndipo dini itaingia kweli.

Babu Mikindani: Mwanangu, kama hao wakwe zako ni Wamakonde, mtoto wa dada ana mjomba wake, na mjomba ndiyo mumeo. Wewe na bibi mnahangaika bure. Aache korosho siku mbili, aje. Asubuhi kweupe waende na balozi, kijana aubebe mwenyewe, aombe radhi kwa mdomo wake. Shehe na padri msiwaite, maana mkiwaita mmeshakubali kwamba kesi ni ya dini.

Pweza Mkavu: Na gesi mliyotumia mlipe. Siku tatu mnakula maharage ya bure 😂

Mleta uzi: Asanteni, hasa Babu. Leo nimepikia mkaa, mama mkwe kaniangalia tu. Mume nimemtumia picha ya ile rangi ya kucha. Amekaa kama nusu saa ndio akapiga: "Nakuja kesho na basi la kwanza, kijana asijue." Mtungi usije ukauzwa, nimeufungia chumbani kwangu.

Mkulima wa Ufuta: Chumbani kwako?! Dada, utoe sasa hivi!