Hisabati au hisabati tumizi: nichague ipi kwa shahada ya kwanza?

Mwana wa Kondoa:
Shikamooni wakubwa zangu. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), na hisabati ndilo somo lililonibeba tangu shule ya msingi huko Kondoa. Sasa ninajaza maombi ya chuo hapa Dodoma, nami nimekwama kati ya shahada ya hisabati yenyewe na ile ya hisabati tumizi. Baba anasema zote mbili mwisho wake ni chaki, na kama ni chaki basi nisome ualimu moja kwa moja. Mimi ninapenda kukokotoa. Nikipewa swali la kalkulasi la kurasa mbili hata njaa siisikii. Ninaomba mnieleze tofauti iliyopo darasani, si ile ya kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili.

Kaka wa Chang'ombe:
Marahaba mdogo wangu. Neno lililonishtua katika swali lako ni "kukokotoa", kwa sababu nami niliingia chuo na neno hilo hilo, na jaribio la kwanza likanirudishia alama 31 kati ya 100.

Kidato cha sita ulitazama mfuatano wa 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea, ukasema kwamba unakaribia sifuri, ukapewa alama zako. Chuoni mhadhiri anakuuliza unamaanisha nini unaposema "unakaribia". Jibu lake linafanana na bishano la watu wawili: mpinzani anataja namba yoyote chanya, iwe ndogo atakavyo, nawe unapaswa kumwonyesha kipengele ambacho kuanzia hapo vyote vinavyofuata ni vidogo kuliko namba yake. Akitaja 0.001, unamjibu kuanzia kipengele cha 1,001. Akipunguza zaidi, nawe unasogea mbele, na lazima uthibitishe kwamba hatakushinda kamwe. Hapo hapakukokotolewa kitu cha maana, lakini sehemu kubwa ya shahada ya hisabati ni maneno ya namna hiyo. Usione aibu yakikuchukua miezi: kalkulasi ya Newton na Leibniz ilitumika kwa zaidi ya miaka 100 kabla Cauchy, na baada yake Weierstrass, hawajaiwekea msingi huo katika karne ya 19.

Kabla hujajaza fomu, kaa chini uthibitishe, bila kuchungulia popote, kwamba mzizi wa pili wa 2 hauwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Ukichukia zoezi hilo, umejijibu.

Dada wa Takwimu:
Kaka, umemtisha mtoto wa watu. Mimi nilisoma hisabati tumizi, na uthibitisho tulifanya pia, ila ugumu wetu ulikuwa mahali pengine: kuamua kipi kiachwe nje ya mlinganyo. Mwaka 1911 Ronald Ross alionyesha kwa milinganyo kwamba malaria inaweza kutoweka mahali bila kuua kila mbu, mradi idadi ya mbu ishuke chini ya kiwango fulani. Mwaka 1927 Kermack na McKendrick waliwagawa watu katika makundi matatu, yaani wanaoweza kuambukizwa, wanaougua, na waliokwisha kupona au kufa, kisha wakaandika kasi ya watu kuhama kundi moja kwenda jingine. Umri, kijiji na msimu vyote viliachwa, na hata hivyo mlipuko unaonekana ukipanda na kushuka. Milinganyo mingi ya aina hiyo haina jibu la kuandika kwa kalamu, kwa hiyo jifunze kuandika programu za kompyuta tangu muhula wa kwanza, hata kama hakuna aliyekuagiza.

Kuhusu chaki, mzee hajakosea kabisa. Mwenye shahada ya sayansi isiyo na masomo ya ualimu, akitaka kufundisha baadaye, anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu. Njia ipo, ila ni muda na ada nyingine. Kazi za namba nazo zipo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao makuu hapa hapa Dodoma, na sensa ya 2022 iliyohesabu watu 61,741,120 haikukamilika kwa kuhesabu vidole. Lakini nafasi hizo utazigombania na waliosoma takwimu na uchumi, hivyo chukua masomo ya uwezekano na takwimu kila yanapotolewa.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa:
Mara nyingi mwaka wa kwanza wa shahada hizo unafanana sana. Linganisha orodha za masomo ya mwaka wa tatu, ndipo zinapoachana.

Mwana wa Kondoa:
Ahsanteni sana. Nimelijaribu zoezi la kaka tangu jana jioni. Nimechukulia kwamba mzizi ni p/q iliyorahisishwa hadi mwisho, nikapata p² = 2q², maana yake p² ni shufwa. Nataka kusema p nayo ni shufwa, lakini sijui ninasema kwa idhini ya nani.

Kaka wa Chang'ombe:
Hilo ndilo swali lenyewe, mdogo wangu. Chukulia p ni witiri, yaani 2k + 1. Ukiipandisha kipeo cha pili unapata 4k² + 4k + 1, ambayo nayo ni witiri. Kwa hiyo p² ikiwa shufwa, p haiwezi kuwa witiri. Sasa andika p = 2m, uirudishe kwenye mlinganyo wako, kisha uniambie q imekuwaje.