Wajuzi wa bustani: haya majani marefu ni pampasi kweli?

Mama Salasala:
Habari za humu wakuu. Niko Salasala, nina kipande kidogo kando ya ukuta, jua linapiga kutwa nzima. Masika iliyopita kijana mmoja anayeuza miche barabarani aliniletea visiki akaniambia ni pampasi, yale ya manyoya meupe mnayoyaona kwenye kumbi za harusi na send-off. Nikapanda. Yameota mpaka yamepita ukuta, sasa yametoa masuke, ila masuke yenyewe membamba, yana unjano na vinywele vigumu. Jirani kapita kacheka, eti ni matete ya Msimbazi. Kijana nikimpigia anasema nisubiri, yatakuwa meupe tu. Nilitaka nikate niwauzie wapambaji. Naombeni ushauri, niyaache au ning'oe? Picha zinagoma kupanda.

Kitalu Bunju:
Mama, suke liweke pembeni kwanza. Angalia majani yanatokea wapi. Pampasi majani yake yanatoka chini kabisa, kichaka kimoja kinene, yanainuka halafu yanalalia nje. Bua la suke linachomoza katikati, linapita juu ya majani, linaweza kufika mita 3. Matete na mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, siyo hivyo: yana shina lenye pingili, na majani yamejipanga shinani, moja huku jingine kule, mpaka juu.
Halafu pitisha kidole ukingoni mwa jani, taratibu sana. Pampasi ina vijimeno vinavyokata ngozi, ndiyo maana wanaoivuna huvaa glovu na mikono mirefu. Na yale majani yake makavu ya chini hujiviringa kama maranda ya fundi seremala. Ukiyaona hayo hupati shida tena ya kuuliza.

Kaka wa Goba:
Ungepanda mchaichai saa hizi ungekuwa unakunywa chai.

Mpambaji Sinza:
Dada, hata ingekuwa pampasi halali, biashara ina mambo yake. Mmea wa jike ndio wenye suke lililojaa, laini, linang'aa. Yale mengine yanatoa suke jembamba, mteja halitaki. Ukipanda mbegu hujui utaangukia wapi, kwa hiyo bora kugawa kichaka cha mmea jike unaoujua na umeshaona suke lake. Na kuvuna ni mapema, suke likiwa ndiyo kwanza linafunguka. Ukichelewa linapukutika, manyoya yote kwenye suti ya bwana harusi! Sisi tunapuliza spray ya nywele ya saluni, inasaidia kiasi. Siku hizi kumbi nyingi wanaweka ya plastiki, wala hawaulizi.

Mzee wa Boko:
Naomba niwaharibie sherehe kidogo. Huo mmea kwao ni Amerika Kusini, Argentina na Uruguay huko. Unavumilia ukame, unavumilia upepo wa chumvi wa bahari, na mbegu zake zinapeperuka mbali. Wauzaji wanaisifia kwa hayo hayo, lakini California, New Zealand na Afrika Kusini umewashinda, wameuorodhesha kuwa gugu vamizi na wanahangaika kuung'oa. Sisi tunautafuta kwa pesa. Na mnaoagiza mbegu mtandaoni, mbegu kuingia nchini zinataka kibali cha TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, msizifiche kwenye viatu.

Mama Salasala:
Asanteni. Nimetoka kuangalia. Pingili zipo, majani yamepanda na shina mpaka juu, na yana vinywele vinavyowasha mkono.

Kitalu Bunju:
Basi pampasi siyo. Sasa kata shina moja kwa panga. Ndani kuna uwazi au kumejaa? Na suke limesimama moja, au limechanua vitawi?

Mama Salasala:
Kumejaa. Suke moja limenyooka, halina vitawi.

Kitalu Bunju:
Mabingobingo hayo mama. Matete shina lake lina uwazi ndani na suke limetawanyika, laini. Kwa hiyo jirani naye kakosea, mcheke na wewe. Yule kijana asikudanganye, hayatakuwa meupe hata usubiri mpaka Krismasi.

Mfugaji Kibamba:
Msing'oe jamani!! Mimi nayahangaikia kila siku. Yakishatoa suke yamekomaa, ng'ombe anachagua majani mashina anaacha, kwa hiyo nitayakatakata na mashine. Mashina mengine nitapanda, kipande chenye pingili tatu kinatosha kuota. Nakuja Jumamosi na kirikuu.

Mama Salasala:
Karibu. Ila visiki unachimba mwenyewe mpaka mzizi wa mwisho, sitaki yachipue tena. Na uje na maziwa lita mbili.

Mfugaji Kibamba:
Lita moja na nusu mama, ng'ombe mmoja kakaukiwa maziwa.